Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo. Basi ile lafudhi yetu aliitoa wapi?

#1 JaKondele
Habari za humu. Nina swali moja, na naomba lisichekwe kabla halijajibiwa.

Jumamosi nilikuwa matangani upande wa Seme. Usiku umeingia, jenereta inaunguruma, wazee wamezunguka moto, na stori zikafika vipindi vya zamani. Mzee mmoja akasema Mzee Ojwang' wa kile kichekesho cha runinga, Vitimbi, alikuwa mtu wa Alego kule Siaya, tena yeye mwenyewe anajua boma la binamu yake. Nikamwambia kwa heshima zote: jaduong', yule aliitwa Benson Wanjau. Mkikuyu. Watu wakanyamaza. Mzee akanitazama kutoka viatu hadi kichwa, halafu akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Yaani nimeulizwa ukoo kwa sababu ya mtu wa runinga.

Jina lake ninalo, hilo si swali. Swali ni hili: ilikuwaje mtu wa jina la Wanjau akazungumza Kiswahili cha Mjaluo hadi wazee wa Nyanza wakampa kijiji na binamu? Alijifunzia wapi?

#2 Kijana2003
Nimekaa mbele. Nimebeba njugu.

#3 Mwana_wa_Mbale
Kabla hamjafika mbali: na Mama Kayai, mkewe wa kipindini, je? Mary Khavere. Khavere ni jina la huku kwetu. Kwa hivyo ile nyumba ya Wajaluo mliyoipenda miaka yote hiyo ilikuwa na bwana Mkikuyu na bibi Mluhya. Mjaluo alikuwa wapi? Alikuwa kwake, ameketi, anatazama.

#4 Nyar_Seme
#3 umeniua 😂😂

Lakini tuandike jina la mtu sawasawa. Ni Ojwang', ng' ya ng'ombe. Kila mahali naona "Ojwang" kana kwamba ni ng ya ngoma. Kama Mkikuyu aliweza kulitamka, nyinyi mnashindwaje kuliandika?

#5 MwalimuMstaafu
Salamu wote. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, mingi yake hapa Kisumu, kwa hivyo mtanivumilia kidogo.

Dholuo, yaani Kijaluo, haina sh, haina z, haina v. Mzee ambaye hakukaa sana darasani atasema silingi, samani, fitu. Kila mchekeshaji wa nchi hii analijua hilo, na wengi wao hukomea hapo: ukigeuza sh kuwa s, tayari wewe ni wa Bondo. Lakini kazi ngumu iko kwingine. Kikuyu haina l. Aliyelelewa ndani ya lugha hiyo, akikasirika au akichoka, l na r zinaanza kubadilishana viti. Atakwambia anakwenda "kurara". Mjaluo hazichanganyi hata akilewa, maana lugha yake inazo zote mbili. Sasa mkumbukeni Ojwang' akigombana na Mama Kayai. Lafudhi ya kuazima huvuka mtu pale pale penye hasira, na mimi sikuwahi kuisikia ikimvuka.

Maoni yangu: Dholuo ni lugha ya toni, na Kikuyu vilevile. Sikio lake lilikuwa limeshazoea kupanda na kushuka. Mswahili wa Lamu angetaabika zaidi.

#6 Bondeni_Original
Mwalimu shikamoo. Mimi ni wa Nakuru, Bondeni, na ninamkumbuka vizuri sana. Hasa kwenye kile kipindi kingine, Vioja Mahakamani, alipokuwa akijiita Ondiek Nyuka Kwota.

#7 Wakili_wa_Kijiji
#6 hapana, mkuu. Ondiek Nyuka Kwota ni mtu mwingine kabisa, yule wa kizimbani. Ojwang' tunamjua kwa Vitimbi. Umechanganya Wajaluo wawili wa runinga, jambo ambalo tumelizoea kutoka Nakuru.

#8 Bondeni_Original
Nimepigwa, nimekubali. Lakini mjue tulikuwa tunatazamia dirishani. Mtaa mzima TV ilikuwa moja, Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inakula betri ya gari. Mwenyewe alikuwa fundi wa viatu, mtu wa hasira za karibu. Mtoto mmoja akikohoa anafunga pazia katikati ya kipindi, na anaacha sauti juu makusudi ili tuumie. Nusu ya Vitimbi ninayoijua mimi ni ya masikio tu. Hiyo KBC ya miaka ya 80 nimeisikia kuliko nilivyoiona.

#9 MwalimuMstaafu
Miaka ya 80 ilikuwa VOK, Sauti ya Kenya. Jina la KBC lilirudi 1989.

#10 Wakili_wa_Kijiji
"Lilirudi", kweli, kwa sababu hata kabla ya 1964 ilikuwa KBC. Kwa hivyo Bondeni hakupotea, alizunguka tu.

#11 FundiRedio_Luanda
Mimi nilikuwa natengeneza redio na TV pale Luanda sokoni, na nina jibu ambalo halitawafurahisha wasomi.

Tofauti ya s na sh iko kwenye sauti kali za juu kabisa, zile za msss. Spika ya TV ndogo ya wakati ule ilikuwa kama kifuniko cha chupa, zile sauti za juu haikuzitoa vizuri. Ongeza antena ya sufuria iliyofungwa kwa waya wa seng'enge juu ya mwanzi, ongeza mvua, ongeza betri inayokufa. Yote yanageuka kuwa mvumo mmoja. Hapo msikilizaji anajijazia mwenyewe. Umeambiwa mtu anaitwa Ojwang', basi kila "shilingi" unasikia "silingi". Huenda alisema nusu, nusu ya pili mkaimalizia nyinyi.

#12 Nyar_Seme
#11 baba, kwa hivyo Mzee Ojwang' alifanywa Mjaluo na betri?

#13 FundiRedio_Luanda
Betri imefanya mengi makubwa kuliko hayo.

#14 DadaJukwaa
Niingie kama mtu wa kazi hiyo. Nimeigiza tamthilia za vitabu teule miaka tisa. Tunazunguka shule za Nyanza na Magharibi, na tukiwa mjini wanafunzi wanaletwa kwa mabasi pale ukumbi wa Mama Grace Onyango. Mimi ni Mkisii. Nimecheza mama Mluhya, nyanya Mkalenjin, na mke wa chifu wa Kijaluo mbele ya wasichana 600 wa Kijaluo, ambao kwa uonevu hawana mpinzani.

Niwaambie inavyokuwa. Ukiiga kabila umekwisha. Unamwiga mtu mmoja. Mke wa chifu wangu alikuwa mama anayeuza omena, wale dagaa, soko la Jubilee. Nilinunua omena kwake wiki tatu hadi nyumbani wakagoma kuila. Sikuwa nasikiliza maneno yake, nilitaka kujua anavuta pumzi wapi. Yeye huanza sentensi juu, kana kwamba tayari mmebishana, halafu anaishusha taratibu akikuhesabia chenji. Nilipoipata hiyo pumzi, s na sh zilijipanga zenyewe.

Kwa hivyo JaKondele, ukiuliza alijifunzia wapi, unauliza kwa nani. Mahali fulani kuna mzee mmoja, labda jirani, labda mtu wa kazini, aliyeibiwa sauti bila kujua.

#15 JaKondele
#14 hii nimeipenda. Sasa tumtafute huyo mzee.

#16 Wakili_wa_Kijiji
Kumtafuta ni kazi. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na Kaloleni, Makongeni, Muthurwa, nyumba za reli, Wajaluo wamejaa. Sisemi Wanjau aliishi huko. Nasema mtu wa umri wake mwenye shughuli Nairobi hakuhitaji kupanda basi la Kisumu ili asikie Mjaluo akinung'unika. Alihitaji kusimama steji.

#17 Kijana2003
Samahani wazee, mimi ni wa juzi. Nimekwenda YouTube nikatafuta vipande. Nacheka, ndiyo. Lakini baada ya cha tatu nikajiuliza, hivi kinachochekwa hapa ni nini hasa? Ni kichekesho, au ni Mjaluo asiyejua Kiswahili?

#18 Ahero_Boy
#17 asante kwa kuuliza, maana nilikuwa nakula maneno yangu hapa tangu #1.

Mwaka 1993 nilipelekwa shule ya bweni karibu na Nakuru. Sitaitaja. Siku ya kwanza mwalimu wa zamu aliniita nijitambulishe. Nikasema natoka Ahero, baba ana samba la mpunga. Samba. Bweni zima. Hadi Kidato cha Nne jina langu lilikuwa Ojwang'. Hata kwenye orodha ya timu ya voliboli mtu aliandika Ojwang', na mwalimu wa michezo akalisoma hivyo hivyo. Nilikaa likizo nzima ya Agosti nikijifunza kusema sh mbele ya kioo cha mama. Sh, sh, sh. Mama akadhani nafukuza kuku.

Mzee simlaumu, Mungu amlaze pema. Lakini mkisema alitupenda, jueni kuna watoto waliolipa tikiti ya kipindi hicho.

#19 Bondeni_Original
#18 pole sana, ndugu. Naomba haikuwa 1993 Kidato cha Pili yangu, maana na sisi tulikuwa na "Ojwang'" wetu na nilikuwa kati ya waliocheka.

#20 Ahero_Boy
Mlikuwa na bendera ya kijani?

#21 Bondeni_Original
Ya buluu. Nimepumua.

#22 Nyar_Seme
Ahero_Boy nimekusikia, na sitakubishia yaliyokupata. Ila nitakwambia nilivyoona mimi nikiwa kwa nyanya. Yeye alikiita kipindi "Fitimbi", na hakuna aliyemcheka, maana sote tulisema hivyo. Siku ya Vitimbi alioga mapema, akavaa leso safi, akakaa kiti cha mbele. Kwake Ojwang' hakuwa mjinga asiyejua Kiswahili. Alikuwa mwenye nyumba. Mbishi, mwoga wa mkewe, mwenye hila ndogo ndogo zinazomrudia. Babu alikuwa hivyo hivyo, na hata miwani walishusha puani namna moja. Nyanya alicheka hadi machozi, kisha akamgeukia babu na kumwambia, "Umejiona?"

Mara ngapi mwingine aliona mzee wa kwao kwenye runinga, kwa dakika zote za kipindi, na si kwenye habari za mazishi au siasa?

#23 Kijana2003
Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipouliza. Endeleeni.

#24 Mwana_wa_Mbale
Tulinganishe na kile kipindi cha Papa Shirandula basi. Charles Bukeko alikuwa Mluhya wa Busia kweli, akaigiza Mluhya, na lafudhi akaivuta hadi ikawa ndefu kuliko barabara ya Kisumu kwenda Busia. Kuanzia 2007 pale Citizen, bawabu anayemficha mkewe kazi yake. Hakuna aliyesema anatudharau, kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Sasa niambieni, ni nani aliyefanya kazi kubwa zaidi? Aliyeongeza chumvi kwenye chungu chake, au aliyepika cha jirani kikalika?

#25 DadaJukwaa
#24 usidharau chumvi. Kuigiza lafudhi yako mwenyewe ni kugumu, maana hujisikii. Bukeko alikuwa mtu wa jukwaa, alijua sentensi ianguke wapi. Lile tangazo la soda, ile "brrr" yake, lilivuka mipaka hadi nchi ambazo hazijawahi kusikia neno Mluhya. Hapo lafudhi ilisaidia nini? Ni uso, na ni kukawia kidogo kabla ya kutoa sauti.

#26 Mwana_wa_Mbale
Kweli. Na siku ile Julai 2020 tulipoambiwa amekwenda, na wiki hiyo hiyo akazikwa Namisi, Matayos, watu wachache, barakoa. Mtu aliyejaza sebule zote za nchi. Mimi ni wa Vihiga lakini ningekwenda kwa miguu.

#27 Wakili_wa_Kijiji
Na humo humo Papa Shirandula kulikuwa na Captain Otoyo, Mjaluo wa kukata na shoka. Jina lake halisi? Kazungu Matano. Nipeni kijiji cha Siaya chenye Kazungu.

Naanza kushuku kazi ya Mjaluo wa runinga hutangazwa kwa sharti: Wajaluo wasitume maombi.

#28 Nyar_Seme
😂😂😂 Tunashughulika na ugavana.

#29 Ka_Manyatta
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Niseme yangu mara moja.

Jina langu la tatu ni la Kikuyu. Baba alikuja Kisumu akiuza viazi soko la Kibuye, nami nikazaliwa mtaa wa Manyatta. Dholuo nilikijua kabla ya Kikuyu. Hakuna aliyenifundisha. Ukitaka kucheza mpira unaitisha pasi kwa lugha ya wenye mpira. Kiswahili changu kikatoka na s zake, na hadi leo nikiharakisha nasema "sule". Nyumbani baba alichukia, lakini mama alipotaka kupunguziwa bei ya samaki alinituma mimi.

Januari 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, tuliondoka. Sitaeleza tulivyoondoka. Tulifika Nakuru, uwanja wa maonyesho, mahema. Kwenye foleni ya unga nilimwuliza mtu kama ndiyo mwisho wa laini, na wote wakageuka. Watu wetu. Walinitazama kama walivyotazamwa wao walikotoka. Tangu siku hiyo mama akawa ananisemea. Miezi minne nilikuwa bubu mwenye afya.

Usiku mmoja kijana wa hema la pili, ambaye alishanishtukia, akaniambia nimsemeshe kama Ojwang'. Nikaogopa. Akasema, "Si ni Mkikuyu mwenzetu yule?" Nikasema sentensi moja. Hema likacheka. Baada ya hapo nilikuwa naitwa kila jioni niwasemeshe, nikawa naongea sauti yangu mwenyewe na wao wakidhani naigiza.

Kwa hivyo mkiuliza mtu wa jina la Wanjau aliipata wapi, mimi sioni ajabu. Labda hakuiga kitu. Labda aliwahi tu kuwa mahali.

#30 JaKondele
Omera. Sijui niseme nini. Asante kwa kuandika.

#31 Ahero_Boy
#29 mimi kioo cha mama, wewe foleni ya unga. Tukutane siku moja tule samaki Dunga. Utaagiza wewe.

#32 Ka_Manyatta
Nitaagiza. Nilirudi 2011, niko Migosi.

#33 MwalimuMstaafu
Nimemsoma #29 mara mbili. Bado nasimama na toni zangu, lakini nasimama nikiwa nimevua kofia.

#34 Bondeni_Original
Mnisahihishe tena kama kawaida. Mzee alifariki 2014, sivyo? Na macho yalikuwa yamemsumbua, watu wakachanga.

#35 Wakili_wa_Kijiji
Jumapili tarehe 12 Julai 2015, Hospitali ya Kenyatta, umri miaka 78. La macho na michango ni kweli.

Na hapa ndipo ningemshika mzee wa JaKondele. Alizikwa Lang'ata, Nairobi. Mjaluo wa Alego azikwe Lang'ata, ukoo umekaa tu? Tunakumbuka S.M. Otieno, yule wakili Mjaluo. Alifariki Desemba 1986, mjane wake Mkikuyu anataka azikwe Matasia, ukoo unataka Nyalgunga, kesi ikazunguka mahakama hadi Mei 1987 ndipo mwili ukafika Siaya. Kama Ojwang' angekuwa na hata binamu mmoja Alego, tungeona mabasi.

#36 FundiRedio_Luanda
Hapo Wakili umeua.

Ila hilo la michango linanichoma. Sauti iliyojaa kila nyumba kwa miongo, halafu uzeeni inapitishiwa kofia. Vipindi vinarudiwa, vimewekwa mtandaoni, mtu mwingine anakula matangazo.

#37 Kijana2003
Hivi marudio mwigizaji halipwi?

#38 DadaJukwaa
😶 Fungua uzi mwingine, mdogo wangu, na ulete leso. Mimi kwa maonyesho mawili kwa siku nilikuwa narudi nyumbani na nauli na chipsi.

#39 Nyar_Seme
JaKondele, wewe uliyeanzisha moto huu umekwenda wapi? Yule mzee umemwambia la Lang'ata?

#40 JaKondele
Nimempigia leo asubuhi. Nikamsomea kila kitu: Wanjau, Khavere, tarehe, Lang'ata, hata toni za Mwalimu. Akasikiliza vizuri sana. Akasema Wanjau ni jina la waliomlea, na kwamba alizikwa Nairobi kwa sababu serikali ilikataa kumtoa.

#41 Wakili_wa_Kijiji
Mwulize huyo binamu wa Alego anaitwa nani.

#42 JaKondele
Nilimwuliza. Ameniuliza tena mimi ni mtoto wa nani, kisha akakata simu.